Msiachane Mpaka Niwaambie

Siku kocha Faina Markovna alipowaunganisha wawe jozi ya kuteleza kwenye barafu, Rimma Ogloblina alikuwa msichana wa miaka kumi, mdogo wa umbo, masikio yamechomoza chini ya kofia ya sufu kama vishikio vya sufuria. Gleb Tyukalov alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mwenye haya, na pua iliyokuwa na mafua tangu theluji ianze hadi iyeyuke. Kocha alipita mbele ya wavulana waliojipanga kando ya uwanja wa barafu, akawakagua mabega na viwiko kama seremala achaguaye mbao, kisha akautwaa mkono wa kulia wa Gleb na kuupachika mkono wa kushoto wa Rimma ndani yake.

"Shikaneni," alisema. "Msiachane mpaka niwaambie."

Baada ya hapo akaitwa kwenye simu, akasahau. Watoto wale waliteleza wameshikana, wakala supu ya kabichi kantini kila mmoja kwa mkono mmoja, wakatoka nje kila mmoja amevaa koti upande mmoja, upande wa pili ukining'inia kwenye baridi ya mji wa Perm. Kwenye kituo cha tramu walikwama. Tramu ya Gleb ilielekea viwandani, ya Rimma ilielekea mto Kama, na wote wawili walisimama wakitazamana kwa hofu mpaka dereva alipowafokea, ndipo wakaachana. Kesho yake Gleb alikwenda kuungama kosa lake akiamini atafukuzwa klabuni. Faina Markovna alicheka mpaka akafuta machozi. Hata hivyo, hakusema kwamba amri ile imekwisha.

Alikuwa na sababu ya kupenda amri. Kabla yao palikuwa na msichana wa klabu hiyohiyo aliyeitwa Zina Perevalova, ambaye alijirusha apande juu wakati mwenzake hajajiweka sawa. Zina alianguka kutoka kwenye mikono iliyonyooka, kichwa kikatangulia. Sasa alikaa nyumbani kwa mama yake karibu na dirisha, akikunja leso na kuikunjua, na wenzake wa zamani walipokwenda kumtazama aliwaita wote kwa jina moja. Tangu siku ile Faina Markovna aliweka sheria ambayo hapakuwa na klabu nyingine iliyoifuata: kabla ya kila mnyanyuo wa kumpandisha mwenzake juu ya kichwa, mwanamume ambonyeze kiganjani kwa kidole gumba, na mwanamke asiinue mguu kwenye barafu kabla hajakihisi kidole hicho. Bila kidole, hakuna kupanda. Hata muziki ukipita, hata jengo likishika moto.

Kwa hiyo Rimma alikua akikijua kidole cha Gleb kuliko alivyoijua sauti yake. Kilikuja kigumu Gleb alipokuwa na hasira, chepesi alipokuwa na furaha, na kilikawia kidogo siku alizokuwa amelala vibaya, lakini kilikuja. Kikisha kuja, Rimma alijiachia. Dunia ilishuka chini, taa za ukumbi zikakaribia, na kwa muda ule hakuwa na kazi yoyote ya kufanya ila kunyoosha mgongo na kuamini. Watu walimsifu kwa uso wake mtulivu huko juu. Waandishi walipomuuliza siri ya utulivu huo, alijibu kwamba mzigo hauna haja ya kuwa na wasiwasi. Wasiwasi ni wa mchukuzi.

Wakawa mabingwa wa vijana, kisha wa nchi nzima ya Kisovieti, na mwaka mmoja wakapanda ngazi ya juu kabisa ya Ulaya na kusikiliza wimbo wa taifa meno yakiwagongana kwa baridi na furaha. Mjini Perm wauzaji wa madukani waliwawekea machungwa adimu chini ya kaunta. Wajumbe wa kamati ya michezo waliwaita "watoto wetu" hata Gleb alipoanza kuota upara. Wanawake wa sokoni waliwauliza kila mwaka harusi ni lini, nao walizoea kujibu kwa kupokezana kwamba mtu haoi mkono wake mwenyewe.

*

Ilikuwa vuli, Rimma ana miaka ishirini na minne, alipouona ugonjwa kwa mara ya kwanza, na aliuona mezani.

Jumapili Gleb alikuwa na desturi ya kwenda kwa akina Rimma kusaidia kufinyanga pelmeni, vile vifuko vidogo vya unga vinavyotiwa nyama na kufungwa kwa kubana kingo zake na ncha za vidole. Taisia, mama yake Rimma, alisukuma unga, Rimma akaweka nyama, na Gleb akafunga, kama walivyofanya tangu utotoni mwao. Siku hiyo Taisia alipovitia kwenye maji yanayochemka, nusu yake vilifunguka. Nyama ilielea upande mmoja, unga upande mwingine.

"Glebushka, mwanangu, hivi vyako vimefungua milango," alisema Taisia akikoroga sufuria. "Nani kakuroga vidole? Au umempata mtu huko unamuwaza?"

"Ni uzee, shangazi Taya. Nina miaka ishirini na minane. Farasi wa umri huu wameshakuwa soseji."

Taisia alicheka. Rimma hakucheka. Alikuwa anakitazama kidole gumba cha mkono wa kulia wa Gleb, kilicholala juu ya unga kana kwamba ni cha mtu mwingine aliyekisahau pale. Gleb alikibana kifuko kipya, akakikodolea macho, akakibana tena. Kilipokuwa mbele ya macho yake, kidole kilitii. Alipogeuka kumjibu Taisia, kiliacha kutii.

Hapo Rimma akakumbuka jambo alilokuwa akiliona mazoezini bila kulitia maanani. Tangu kiangazi, kabla ya kila mnyanyuo, Gleb alikuwa akishusha macho na kuutazama mkono wake.

Alimfuata kwenye ngazi za jengo, mahali walipokuwa wakizungumzia mambo yasiyomhusu mama. Gleb hakumficha, alionekana kama mtu aliyechoka kubeba kabati peke yake. Alikuwa ameshakwenda kwa siri kwa daktari wa mji mwingine, rafiki wa binamu yake, akaambiwa kwamba kuna mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Kupasua kungeweza kuurudisha mkono, na kungeweza kuumaliza kabisa. Kuteleza kungeumaliza kwa yakini, ila polepole.

"Mpaka Machi tu, Rimka," alisema. "Mashindano yakiisha nitakwenda mwenyewe kwa Faina Markovna, nitamwambia, nitaweka viatu mezani. Usinitoe mlango wa nyuma kama takataka."

"Na kidole?"

"Kidole nikikitazama kinakwenda."

"Na usipokitazama?"

Gleb alikuna upara wake. "Basi nitakitazama. Mkono wangu si mbaya hivyo wa kutazamwa."

Rimma aliyapima maneno hayo usiku na mchana. Akisema, kamati ingemwondoa Gleb kesho yake, naye angeunganishwa na kijana fulani ambaye wao walipoanza kushikana mikono alikuwa bado ananyonya. Hilo angelivumilia. Lisilovumilika ni kuwa yeye ndiye aliyefungua kinywa, wakati Gleb alikuwa amembeba juu ya kichwa chake tangu akiwa mtoto bila kumdondosha hata mara moja. Asiposema, basi shingo yake mwenyewe ilikuwa juu ya kidole kisichohisi. Alimpa Gleb ahadi, na tangu siku hiyo uso wake mtulivu wa huko juu ukawa kazi ngumu kuliko kazi zote.

Desemba ahadi ikaanza kupasuka. Faina Markovna, ambaye jicho lake halikukosa kitu isipokuwa sababu, alichoshwa na Gleb kuinamisha kichwa.

"Gleb, unasoma nini hapo kiganjani? Umeandikiwa barua?" alimfokea kutoka ukingoni. "Tazama juu. Wanaokupa alama wanakaa juu, hawakai kwenye ngumi yako."

Gleb akatazama juu. Kidole kilikuja nusu nusu, kama mtu anayebisha hodi na kukimbia. Rimma alisita, kisha akapanda, na kabla hajafika juu mkono wa kulia ukalegea chini yake. Gleb alijitupa chini yake kwa kifua, wakaanguka pamoja, yeye akiwa godoro. Wote wawili walisema barafu ilikuwa na shimo. Fundi wa barafu, mzee asiye na hatia, alikaripiwa mbele ya watoto, akaondoka na ndoo yake akinung'unika, na Rimma aliona haya kumtazama mgongoni.

Usiku ule alikata shauri. Angesema. Lakini Faina Markovna alikuwa ameitwa Moscow kwenye kamati, na simu za huko zilipokelewa na makarani. Akarudi asubuhi ileile ya safari ya Leningrad, kwenye ubingwa wa nchi nzima, ambako ndiko ilikuwa inachaguliwa timu ya kwenda nje. Basi la kuwapeleka stesheni lilikuwa limeshafika chini, limewasha injini.

Walikutana nyumbani kwa kocha, wamevaa makoti, mizigo iko mlangoni. Faina Markovna aliangalia kama gesi imezimwa, akafunga skafu, kisha akasema kama alivyosema kabla ya kila safari tangu Rimma alipokuwa na miaka kumi:

"Haya. Tukalie njia."

Wakakaa. Faina Markovna kwenye kigoda cha viatu, Gleb juu ya sanduku lake, Rimma juu ya lake. Hakuna anayesema neno wakati wa kukalia njia. Huo ni ukimya wa kuomba safari iende salama na kurudi salama. Rimma aliutazama mkono wa kulia wa Gleb uliokuwa juu ya goti. Alilipanga neno lake mdomoni, akalipanga upya. Faina Markovna alisimama, akashika kitasa, naye Rimma akasimama nyuma yake.

"Faina Markovna, nina neno. Ni juu ya minyanyuo, mimi naogopa kwamba tutaang..."

Kiganja cha kocha kilimziba mdomo kabla neno halijaisha. Hakikuwa kiganja cha ukali. Kilinuka sabuni na tumbaku.

"Tumeshakaa," alisema mama yule kwa sauti ya chini, uso umempauka. "Umeshakalia njia, halafu unataja kuanguka mlangoni kwangu? Unataka kutuzika? Tema. Tema mara tatu, begani, nuksi iondoke. Neno lako utanipa tukirudi."

Alikuwa mwanamke mwenye digrii, aliyewafundisha wengine kwamba miguu huongozwa na fizikia. Lakini asubuhi aliyoanguka Zina Perevalova, kuna mtu alisahau glavu, wakarudi ndani kuichukua baada ya kukaa, na jambo hilo Faina Markovna alikuwa halijadili na fizikia. Rimma alitema begani mara tatu. Gleb, aliyekuwa amesikia yote, aliinua masanduku mawili, moja kwa kila mkono, na kwenye ngazi lile la kulia likamponyoka, likaenda kugonga ukuta. Alisema kishikio kimeharibika.

Ndani ya treni Rimma alijaribu tena, na kocha akamfunika blanketi kama mtoto mwenye homa, akamwambia kwamba kila bingwa huogopa, na asiyeogopa huyo hafai. Siku ya kwanza ya mashindano, kwenye onyesho fupi, mambo yalimwendea kinyume cha woga wake: kidole kilikuja. Kilikawia, lakini kilikuja, akapanda, akashuka, wakaongoza wote. Baadaye, kwenye korido ya hoteli, alimwomba Gleb waseme mmoja wao ana maumivu ya mgongo, wajiondoe kwa heshima.

"Tujiondoe wakati tunaongoza?" Gleb alimtazama kwa macho ya upole yaliyomuumiza kuliko matusi. "Leo si nilibonyeza?"

"Ulibonyeza."

"Basi na kesho nitabonyeza. Kidole ni changu, Rimka. Nakijua."

*

Onyesho refu lilikuwa jioni ya kesho yake, ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Faina Markovna aliwapiga busu paji la uso, akawasukuma barafuni, na neno lake la mwisho lilikuwa kwa Gleb: macho juu.

Muziki ulianza vizuri. Waliruka pamoja, wakatua pamoja, chuma cha viatu kikitoa sauti moja. Gleb alimrusha akiwa amemkumbatia kiuno, kazi ya mabega na mgongo, naye akatua kwa mguu mmoja, watu wakapiga makofi. Kisha wakazunguka kona, wakaja na upepo wote kuelekea upande wa waamuzi, mkono wa kushoto wa Rimma ndani ya mkono wa kulia wa Gleb, mahali ambapo ubingwa wao wote ulikuwa umejengwa. Ulikuwa mnyanyuo wa mkono mmoja, ule ambao watu walikuja kuuona.

Rimma alikunja magoti akangoja.

Kiganja cha Gleb kilikuwa pale, chenye joto, wazi kama sahani. Juu yake uso wa Gleb ulikuwa umeinuliwa kwa waamuzi, unatabasamu, macho yameganda mbali kama alivyoamriwa. Rimma alingoja. Alijua kwa mwili, si kwa akili, kwamba mpigo wao wa muziki ulikuwa unafika. Aliusikia ukifika, akausikia ukipita. Bega la Gleb lilianza kupanda, likauvuta mkono wake, mkono ukanyooka hewani, na miguu ya Rimma ilibaki palepale kwenye barafu kama iliyopigiliwa misumari. Hakuamua. Mwili ulikuwa umefundishwa miaka kumi na minne usiinuke bila kidole, nao haukuinuka.

Walipita mbele ya waamuzi wameshikana mikono tu, kama watu wanaovuka barabara. Ukumbi mzima uliguna.

Gleb aligeuka akamtazama kwa mshangao, na hakukuwa na nafasi ya kusema. Wakaendelea. Walizunguka wakiwa wamekaribiana nyuso, wakaruka tena, na mnyanyuo wa pili ulipofika Rimma alijisemea kwamba safari hii atapanda hata iweje, kidole kije kisije, na avunjike akivunjika. Alikunja magoti. Gleb aliinua macho kwa waamuzi. Kiganja kilikuwa wazi, kimya. Magoti ya Rimma yalikataa. Wakapita tena, na sasa kuna sehemu ya ukumbi ilianza kupiga mluzi wa kuzomea.

Walipomaliza, maua yalirushwa machache, kwa huruma. Walikwenda kukaa kwenye benchi la kungojea alama, Gleb katikati, Rimma kulia kwake, Faina Markovna kushoto, mbele ya kamera. Gleb alikuwa bado ameushika mkono wa Rimma, juu ya goti lake, shada la maua limeegemea juu yake.

"Kwa nini hukupanda?" aliuliza, midomo ikitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini? Nilibonyeza."

Rimma aligeuka kumtazama. Alizijua namna zote za uongo wa Gleb, ule wa barafu yenye shimo na ule wa kishikio cha sanduku. Aliposema uongo, nyusi zake zilicheza. Sasa nyusi zilikuwa zimetulia.

"Mara zote mbili?" aliuliza.

"Mara zote mbili. Kwa nguvu. Nilidhani nimekuumiza. Miaka yote hii, Rimka. Umeniona mimi ni mtu wa kukuacha bila kidole?"

Rimma alifanya kitu pekee alichokijua. Chini ya maua, aliingiza kidole gumba chake katikati ya kiganja cha Gleb akabonyeza, kama Gleb alivyokuwa akimfanyia. Akangoja. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka ukucha wake ukawa mweupe na kiganja cha Gleb kikabonyea.

Gleb alikuwa anautazama ubao wa alama, akijiuma mdomo.

"Nijibu basi," alisema. "Mbona umenyamaza?"

Ni Faina Markovna aliyeona. Maua yalikuwa yameteleza kidogo, na macho yake yakashuka kutoka kwenye ubao hadi kwenye mikono ile miwili. Aliona kidole cha Rimma kinatetemeka kwa kubonyeza. Aliona uso wa Gleb, ambao haukuwa na habari. Alitazama mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma mstari asioamini, na rangi yote ikamtoka kama ilivyomtoka asubuhi ile mlangoni.

"Lile neno lako," alimwambia Rimma, sauti haikufika kwenye kamera. "Ndilo hili?"

Rimma alitikisa kichwa kukubali. Alama zilijitokeza kwenye ubao, mtangazaji akazisoma moja baada ya nyingine, na hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyezisikiliza. Faina Markovna aliinua mkono kana kwamba anataka kumgusa Gleb kichwani, pale penye upara, ukaishia njiani.

"Basi, wanangu," alisema. "Achaneni."

Gleb alidhani anawaambia wainuke. Rimma ndiye aliyeielewa amri ile, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ametii, alitii. Aliutoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja, akauweka kwenye paja lake mwenyewe, ambako haukujua pa kukaa. Gleb aliendelea kutazama mbele, akitabasamu kidogo kwa ajili ya kamera, vidole vyake vya kulia vimejikunja chini ya maua vikikizunguka kitu ambacho hakikuwepo tena, mpaka alipoinamisha macho kuutafuta mkono wa Rimma.